Kupandisha Pikapu kwa Kiasi: Spesa, Bloki au Springi Mpya? Anza na Mzigo wa Nyuma

Itazame pikapu mpya kwa ubavu ikiwa haijapakiwa kitu: imeinamisha pua, mgongo uko juu. Wengi huona hiyo ni kasoro ya umbo, na ombi la kwanza kwa fundi huwa "ninyanyulie mbele tu, likae sawa." Kiwanda hakikukosea. Mwinamo huo, ambao kwa pikapu nyingi ni kati ya sentimita 2 na 7, ni akiba. Ukipakia, nyuma inashuka na gari linalala sawa. Ukiuondoa wote gari likiwa tupu, siku ya mzigo utaendesha pua ikiwa angani.

Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kinyume na mazoea. Watu huanza na mbele kwa kuwa ndiko macho yanakoona upungufu. Mimi naanza na nyuma, kwa sababu mzigo unaokaa huko siku nyingi ndio unaoamua mbele ipande kiasi gani, na kwa njia ipi. Nazungumzia kupandisha kwa kiasi, yaani hadi sentimita 5 hivi. Ukitaka zaidi ya hapo unaingia kwenye kazi nyingine kabisa, ya kushusha difu ya mbele (sanduku la gia kati ya magurudumu mawili) na kubadilisha mikono ya magurudumu, na sehemu kubwa ya ninayosema hapa haitakutosha.

Pima kabla hujanunua chochote

Simamisha gari mahali tambarare, tangi likiwa limejaa na upepo wa matairi uko sawa. Lisogeze mbele na nyuma kidogo ili springi zitulie. Chukua vipimo vya aina mbili.

Cha kwanza ni kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kwa magurudumu yote manne. Usianzie ardhini, maana tairi lililolika au lililopungua upepo litakudanganya. Namba hizi nne ni za kumbukumbu: kazi ikiisha unapima tena na kujua umepanda kiasi gani hasa, na kama upande mmoja umebaki chini. Upande wa dereva kuwa chini kwa milimita chache ni jambo la kawaida kwenye pikapu nyingi, na baadhi ya seti za springi huja na spesa (kipande cha kuongeza urefu) nyembamba ya upande mmoja kwa ajili hiyo.

Cha pili ndicho kinachosema ukweli kuhusu mwinamo. Madigadi ya mbele na ya nyuma hayakukatwa kwa urefu mmoja, kwa hiyo kuyalinganisha hakukuambii kama gari limelala sawa. Weka pima maji kwenye sehemu iliyonyooka ya chasisi, au pima kutoka ardhini hadi chasisi karibu na ekseli ya mbele, kisha karibu na ya nyuma. Fanya hivyo gari likiwa tupu, halafu urudie likiwa na mzigo unaobeba siku zako za kawaida. Siyo mzigo wa siku ile moja ya kuhama nyumba.

Tufanye hesabu. Tuseme gari likiwa tupu mbele iko chini kwa milimita 40, na mzigo wako wa kawaida unashusha nyuma kwa milimita 30. Umebakiwa na mwinamo wa milimita 10, gari liko vizuri. Sasa ukipandisha mbele kwa milimita 40 ili gari tupu lipendeze, ukipakia pua itakuwa juu kwa milimita 30. Kwa pikapu yenye takribani mita 3 kati ya ekseli na ekseli (Hilux ya kabini mbili ina milimita 3,085), huo ni mwelekeo wa karibu asilimia 1 kwenda juu. Ni kidogo kwa macho. Lakini taa za chini za gari kwa kawaida huelekezwa chini kwa asilimia 1 hadi 1.5, yaani zinashuka sentimita 10 hadi 15 kwa kila mita 10 za mbele. Milimita zako 30 zimekula sehemu kubwa ya kushuka huko. Ndiyo maana madereva wanaokuja mbele yako wanakupigia taa ilhali wewe hujawasha fulu.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha njia mbili za kutoka: upandishe mbele kwa milimita 20 hivi na kuacha nyuma kama ilivyo, au upandishe mbele 40 na nyuma ipewe nguvu ya kutoshuka sana. Kila mwenye pikapu anaangukia kwenye moja ya hizo mbili.

Nyuma

Pikapu nyingi nyuma zina springi za majani. Siyo zote. Nissan Navara ya kabini mbili ya kizazi cha D23 katika masoko mengi ina springi za koili nyuma, kwa hiyo bloki na jani la ziada havimhusu mwenye gari hilo. Yeye anachagua koili ngumu zaidi au ndefu zaidi. Chungulia chini kwanza.

Bloki ni kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ekseli na springi, kisha kufungwa kwa yubolti (bolti za umbo la U) ndefu zaidi. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, na gari linapanda kwa urefu uleule wa bloki: bloki ya milimita 40, gari limepanda milimita 40. Ulaini wa springi haubadiliki hata kidogo. Hapo ndipo faida na hasara yake zilipo. Kama springi zako ni nzima na unachotaka ni urefu tu, bloki ndogo inatosha na gari litatembea vilevile. Kama springi zimechoka na zinalala ukiweka mifuko michache, bloki itaziinua zilivyo, na zitaendelea kulala, safari hii kutoka juu zaidi. Tena bloki inaipa ekseli wenzo mrefu zaidi wa kuzungusha springi unapokanyaga mafuta au breki kwa nguvu; majani yanajikunja kama herufi S na nyuma inarukaruka. Kwa bloki ya sentimita 3 au 5 jambo hilo ni dogo. Kwa bloki mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine ni hatari, na hakuna fundi makini anayepaswa kukubali kufanya hivyo. Bloki kwenye springi za majani za mbele ndiyo kabisa usikubali, kwa sababu huko kuna breki nzito na usukani kwa pamoja.

Jani la ziada linaingizwa ndani ya pakiti ya springi iliyopo. Hili linaongeza urefu na ugumu kwa wakati mmoja. Kwa anayebeba mzigo karibu kila siku na springi zake bado hazijapasuka, hii ni njia nzuri kuliko sifa inayopewa. Lakini tofautisha jani fupi na jani refu. Jani fupi linakaa karibu na ekseli tu, linafanya sehemu ya katikati iwe ngumu kama ubao, na gari tupu litakutupa kwenye kila tuta. Jani refu linalofuata mkunjo wa majani mengine linagawa kazi vizuri zaidi. Ukiambiwa "jani ni jani tu," tafuta fundi mwingine.

Shakeli ndefu (kiungo kinachoshika ncha moja ya springi kwenye chasisi) sitaizungumzia sana. Inapandisha nusu tu ya urefu uliouongeza, kwa kuwa inainua ncha moja ya springi, na inapindua ekseli kidogo kiasi cha kubadilisha pembe ya difu na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu). Kwa sentimita moja au mbili inakubalika. Kwa zaidi ya hapo kuna njia bora.

Pakiti mpya ya springi ndiyo ninayoipendelea kwa yeyote ambaye gari lake lina kazi. Watengenezaji wa seti hizi, kama Old Man Emu ya ARB, huuza springi kwa madaraja ya mzigo wa kudumu: za gari lisilobeba kitu, za gari lenye mzigo wa wastani unaokaa muda wote, na za mzigo mzito. Neno la kuzingatia hapo ni "wa kudumu." Kanopi, sanduku la vifaa, tangi la maji lisiloshuka, hivyo ndivyo vya kuhesabu. Mtu anayebeba nusu tani mara moja kwa mwezi akanunua springi za nusu tani ya kudumu atateseka siku nyingine zote, na tairi za nyuma zitakuwa zinadunda kwenye changarawe badala ya kushika barabara. Ni afadhali uchague daraja la chini na kukubali kushuka kidogo siku ya mzigo.

Kwa huyo wa mara moja kwa mwezi kuna maputo ya hewa yanayokaa kati ya ekseli na chasisi. Unayajaza siku ya mzigo au ya kuvuta tela, unayapunguza ukishusha. Yanafanya kazi vizuri, na yana mtego mmoja. Springi ya majani inasukuma chasisi katika sehemu mbili zilizo mbalimbali, ncha ya mbele na ncha ya nyuma. Puto linasukuma sehemu moja, juu ya ekseli. Ukijaza hewa nyingi, ukapakia kupita kiasi huku mzigo mwingi ukining'inia nyuma ya ekseli, halafu ukaingia kwenye mashimo kwa kasi, chasisi inaweza kupinda nyuma ya kabini. Tumia hewa ya kurudisha sehemu tu ya kile kilichoshuka, siyo yote.

Jambo moja linahusu njia zote hizi: hakuna inayoongeza uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Kikomo kilichoandikwa kwenye kibao cha gari kinahesabu breki, ekseli, chasisi na matairi pia. Springi ngumu inachofanya ni kukuficha kwamba umezidisha.

Mbele

Kabla ya kulinganisha, ujue gari lako ni la kundi gani. Pikapu nyingi za tangu katikati ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, kama Hilux, Ranger na D-Max za vizazi vya karibuni, zina mikono miwili ya umbo la A kila upande, na springi ya koili iliyozungushwa juu ya shokapu. Za zamani zaidi nyingi zina tosheni baa, chuma kirefu kinachojisokota badala ya koili. Halafu kuna wachache wenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo pikapu yake ilipata koili mbele mwaka 1999 badala ya majani.

Wa tosheni baa wana bahati, au wanadhani wanayo. Kuna bolti mbili za kurekebisha. Unainua gari kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, unakaza kwa mizunguko inayolingana pande zote, unashusha, unapima. Hakuna cha kununua. Ila chuma hakijawa kigumu zaidi, kimesogezwa tu mahali pa kuanzia. Ulichokipata kwa juu umekitoa kwa chini: gurudumu sasa lina nafasi ndogo ya kushuka linapopita juu ya shimo. Angalia mkono wa juu na mpira wake wa kuzuia. Kama gari likiwa limesimama mkono tayari unagusa mpira huo, umepita kiasi, na kila bonde dogo litasikika kama nyundo. Sentimita 2 au 3 zinatosha. Kama chuma kimechoka baada ya miaka mingi ya winchi na bampa la chuma, kukaza hakutakiponya. Nunua kinene zaidi.

Kwa wa koili, uchaguzi ni wa njia nne, na majina yake yanachanganywa sana madukani.

| Njia | Kinachobadilika | Kinachopotea | Inamfaa |
|---|---|---|---|
| Spesa juu ya shokapu | Urefu tu. Ulaini unabaki | Gurudumu linashuka kupita alikokusudia mbunifu | Gari jepesi mbele, springi bado nzima, kupanda kidogo |
| Spesa ndani, juu ya koili | Koili inabanwa zaidi | Nafasi ya gurudumu kushuka | Anayetaka milimita 20 hivi na kulinda viungo |
| Shokapu yenye mifereji ya kurekebisha | Urefu pamoja na shokapu mpya | Kama ya juu yake, ila udhibiti ni bora | Anayeendesha tupu, barabara mchanganyiko |
| Koili na shokapu mpya zilizolingana | Urefu, ugumu, udhibiti | Fedha nyingi zaidi | Mwenye bampa la chuma, winchi, au safari ndefu za vumbi |

Spesa ya juu inafungwa kati ya kichwa cha shokapu na mwili wa gari. Kwa kuwa shokapu imeshikwa karibu na katikati ya mkono wa chini, spesa ya milimita 25 inainua gari kwa karibu milimita 50. Wengi hawalijui hili, wananunua spesa ya 50 wakidhani watapanda 50, kisha wanashangaa pua imepanda hadi angani. Soma maelezo ya seti: je, namba iliyoandikwa ni unene wa spesa au ni kupanda kwa gari?

Ulaini wa gari haubadiliki na spesa hii, na hilo ndilo linalowafanya watu waisifu. Shida iko kwenye miisho. Gurudumu likining'inia, sasa linafika chini zaidi ya mpaka wa kiwanda, kwa hiyo sivijointi (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu) inapinda zaidi na boljointi ya juu (kiungo cha mkono na gurudumu) inafika ukingoni. Gurudumu likipanda hadi juu kabisa, shokapu inakuwa fupi kwa unene wa spesa kuliko ilivyokusudiwa, na inaweza kugonga ndani kabla mpira wa kuzuia haujafanya kazi yake. Kwenye lami hutaliona. Kwenye barabara ya makorongo, kila siku, utaliona kwanza kwenye raba za sivijointi zilizochanika na grisi iliyotapakaa ndani ya rimu.

Spesa ya ndani inawekwa kati ya koili na sahani yake ya juu. Urefu wa shokapu haubadiliki, kwa hiyo gurudumu halivuki mpaka wake wa chini, na viungo viko salama zaidi. Malipo yake ni kama ya tosheni baa: nafasi ya kushuka inapungua. Ukivuka tuta kwa kasi utasikia "tok" shokapu inapofika mwisho. Fundi anayeifunga lazima aibane koili kwa kifaa maalumu, na koili iliyobanwa ina nguvu ya kuua ikichomoka. Kazi hii usiifanye uani kwa kamba na subira.

Shokapu zenye mifereji, kama Bilstein 5100 za mbele kwa modeli nyingi, ni ndugu wa spesa ya ndani: unachagua mfereji ambao pete ya koili itakaa, na koili inapanda. Tofauti ni kwamba umepata shokapu mpya iliyotengenezwa kwa urefu huo mpya. Kwa gari linaloenda tupu siku nyingi na ambalo halina chuma cha ziada mbele, hapa ndipo thamani ya fedha ilipo kwa maoni yangu. Usikimbilie mfereji wa juu kabisa. Kadiri koili inavyobanwa ndivyo mbele inavyokuwa kavu.

Koili na shokapu zilizonunuliwa pamoja ni jibu kwa mwenye uzito mbele. Bampa la chuma na winchi ni kilo nyingi zinazokaa mbele ya ekseli muda wote, na koili ya kiwanda haikuhesabiwa kwa hizo. Kuweka spesa chini ya mzigo huo ni kumpandisha mzee aliyechoka juu ya kigoda: amekuwa mrefu, hajawa na nguvu. Hapa pia springi zinauzwa kwa daraja, kwa kawaida bila bampa, na bampa, na bampa pamoja na winchi. Chagua kwa kilichofungwa sasa. "Nitafunga winchi mwakani" ni sababu mbaya ya kuendesha gari gumu mwaka mzima.

Kwa wa ekseli nzima mambo ni mepesi upande mmoja: koili ndefu, shokapu ndefu, sivijointi hazihusiki na urefu. Lakini mkono unaoishika ekseli kwa upande unaisogeza pembeni gari linapopanda, na kasta (mwegemeo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) inapungua kwa sababu mikono ya urefu inaigeuza ekseli. Seti nzuri huja na bushi (mipira ya viungo) za kurudisha kasta. Isipokuwa nazo, uliza kwa nini.

Vinavyofuata urefu

Baada ya kupandisha mbele, alaimenti si hiari. Pembe tatu zinabadilika: kulala kwa tairi ndani au nje, jinsi magurudumu mawili yanavyotazamana, na kasta. Mbili za kwanza zinakula matairi. Ya tatu inakula utulivu: kasta ikipungua, usukani unakuwa mwepesi na haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye barabara kuu gari linatangatanga. Hadi sentimita 4 au 5, bolti za kurekebisha za kiwanda kwa kawaida zinatosha kuirudisha ndani ya kiwango. Zikifika mwisho bado kasta haijatosha, hapo ndipo mikono mipya ya juu inapokuwa na maana. Kuinunua kabla ya kuona karatasi ya alaimenti ni kupoteza fedha.

Nyuma kuna kitu kinachosahauliwa zaidi kuliko vyote. Pikapu nyingi zisizo na mfumo wa kisasa wa kugawa breki zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Nyuma ikishuka kwa mzigo, fimbo inaiambia vali iongeze breki za nyuma. Nyuma ikipanda, inapunguza ili magurudumu yasijifunge. Wewe ukipandisha nyuma kwa sentimita 5, vali inaamini gari ni tupu milele. Umepakia, unakanyaga breki, na mbele ndiyo inayofanya karibu kazi yote. Fimbo hiyo inarekebishwa au kusogezwa kwa kibati kidogo kulingana na kitabu cha gari. Fundi akikuambia gari lako halina, mwombe akuonyeshe chini.

Propela ya vipande viwili inaweza kuanza kutetema unapoondoka, kwa sababu beringi ya katikati imepanda pamoja na chasisi ilhali mwisho wa nyuma umebaki chini kwenye ekseli. Vipande vyembamba vya kuishusha beringi hiyo kidogo humaliza tatizo. Mipira ya breki na waya za sensa za magurudumu zikaguliwe gurudumu likiwa limening'inia kabisa, usukani ukiwa umezungushwa mwisho kushoto na kulia. Shokapu za nyuma za kiwanda, ukipanda sentimita 4 au 5, zinakuwa karibu na mwisho wake, kwa hiyo weka ndefu zaidi. Magari mapya yenye kamera na rada za kukaa ndani ya mstari au kufunga breki yenyewe huhitaji kupangwa upya vifaa hivyo. Taa zirekebishwe, kila mara.

Sheria za urefu na masharti ya bima hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine. Uliza kwanza, kwa maandishi.

Kuhusu matairi

Wengi wanapandisha gari kwa ajili ya kuvaa matairi makubwa, na wengine wanapandisha wakidhani watapita juu ya mawe. Kupandisha kwa springi kunainua mwili, chasisi, tangi na kizingiti. Difu ya nyuma haiinuki hata milimita moja, kwa sababu iko kwenye ekseli na ekseli iko kwenye matairi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake.

Na hata tairi linatoa kidogo. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinatoka milimita 777 hadi 804. Difu inapata nusu ya tofauti, kama milimita 13. Spidomita nayo inabaki nyuma kwa asilimia 3.4 hivi: unapoona 100, unatembea karibu 103.4 kama hapo awali ilikuwa sahihi. Ukubwa huo kwa pikapu nyingi unaingia bila kupandisha gari kabisa, au kwa kukata kipande kidogo cha plastiki. Kwa hiyo jaribu tairi kabla ya kuamua kwamba unahitaji sentimita 5.

Ningechagua nini

Pikapu ya mjini inayobeba watu na mizigo ya sokoni, koili nzima, hakuna chuma mbele: spesa ya juu ya kupandisha gari milimita 25 hadi 30, nyuma isiguswe, mwinamo mdogo ubaki. Hapo ndipo pekee ninapoweza kuitetea spesa bila masharti mengi. Kama shokapu zina kilomita nyingi, usizifungue mara mbili. Weka za mifereji moja kwa moja.

Pikapu ya kazi yenye mzigo siku tano kati ya saba: nyuma kwanza, pakiti mpya ya daraja linalolingana au jani refu la ziada, na mbele isubiri. Uipime tena baada ya nyuma kukaa. Mara nyingi utagundua mbele inahitaji milimita 15 au 20 tu, na wakati mwingine haihitaji kitu.

Pikapu ya safari yenye kanopi, bampa na winchi: seti kamili, mbele na nyuma, kutoka kwa mtengenezaji mmoja, ili koili na shokapu ziwe zimehesabiwa pamoja. Kuchanganya koili ngumu na shokapu laini za kiwanda kunatoa gari linaloyumba kama mtumbwi baada ya kila tuta, na shokapu hizo zitakufa mapema.

Pikapu tupu siku zote, ila mara chache inavuta tela: maputo ya hewa nyuma, mbele mifereji ya chini. Bloki sioni kazi yake hapo.

Siku ya kufunga

Bolti za bushi, za mikono ya mbele na za macho ya springi za nyuma, zikazwe kabisa gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, siyo likining'inia kwenye jeki. Bushi ya mpira ikikazwa ikiwa imening'inia inabaki imesokotwa muda wote wa kutembea; inachanika mapema, na kabla ya hapo inaweza kulifanya gari likae juu kwa uongo. Yubolti zikifunguliwa zisirudishwe. Chuma chake kimeshanyooka mara moja, nunua mpya. Zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mzunguko wa msalaba, kisha zirudiwe baada ya kilomita 500 hivi, kwa sababu majani yanakaa na yubolti zinalegea.

Springi mpya hushuka kidogo katika wiki za mwanzo. Alaimenti ifanyike siku ileile ili usile matairi, lakini upime tena urefu baada ya kilomita 1,000 hivi, ukianzia katikati ya gurudumu kama mwanzo. Kama namba zimehama kwa zaidi ya milimita 10, rudi kwenye mashine ya alaimenti, na taa zipangwe upya gari likiwa na mzigo wake wa kawaida nyuma.